Masika ya Inchi Hamsini

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo saa nne asubuhi, ikakatika kabla sijamaliza kuanua nguo.

Daftari hili nimelitoa dukani kwetu, rafu ya juu. Mume wangu, Mbarouk, aliyaleta madaftari haya kwa ajili ya kufunguliwa skuli. Skuli imefunguliwa tangu Januari na hakuna mzazi hata mmoja wa Mtambile aliyekuja kununua. Wanapanda gari mpaka Mkoani kununua madaftari yale yale. Basi nitayaandika mwenyewe. Nilisoma Ole mpaka kidato cha pili, na hati yangu ilikuwa ikisifiwa.

Sababu haina siri. Septemba iliyopita, uchaguzi ukiwa mlangoni, mume wangu alirudisha kadi ya chama cha watu wa hapa akachukua ya chama kinachotawala. Aliahidiwa ukarani bandarini. Kazi hakuipata, na watu akawapoteza. Tangu siku hiyo tumesusiwa. Dukani hawaingii. Salamu hawaitikii. Bombani wakiniona nakuja wanainua ndoo zao, hata zilizo tupu.

Leo kwenye chakula Mbarouk kasema atauza mikarafuu yake ya urithi anunue televisheni.

"Si hizi za kichogo," kasema. "Plazma. Bapa, ya kutundika ukutani. Kombe la Dunia linaanza Juni. Ntu hususa harusi, hususa maziko, lakini mpira haususi, Fakhriya. Watakuja."

Mama yake, Bimkubwa, akaacha kutafuna. "Na mikeka tunayo ya kutosha?" akauliza.

Jumatano, 22 Machi

Mvua. Dukani kaingia mtu mmoja, mpita njia wa Chake, kanunua kiberiti.

Alhamisi, 23 Machi

Bimkubwa hukaa kutwa chumba cha mbele, penye dirisha linaloelekea kichochoroni. Miguu yake haina nguvu lakini ulimi anao. Kila apitaye humtolea salamu, na kila apitaye hupita. Hata hivyo hachoki. "Sabalkheri Bi Fulani! Mgonjwa hajambo?" Kisha hungoja, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani na anasikiliza lifike chini.

Leo baada ya Alasiri nilikuwa ndani nakunja nguo, nikasikia kikohozi dirishani, na Bimkubwa akajibu kwa kunong'ona. Kunong'ona, yeye ambaye sauti yake hufika barabarani. Nikachungulia kwenye pazia la mlango. Alikuwa Bi Tatu, na tita lake la kuni kichwani, kajifanya anafunga khanga. Walisemezana kiasi cha kuhesabu mpaka mia, kisha akaenda zake.

Bi Tatu ni mkunga. Nusu ya mji huu imepokewa na mikono yake. Nyumba yake na yetu ni hatua mia. Januari, Ijumaa adhuhuri, uchungu uliponishika kabla ya miezi yangu kutimia, Bimkubwa alikwenda mwenyewe na mkongojo wake kumwita. Hakuja. Mbarouk alikuwa barabarani anatafuta gari na magari yakimpita. Mwanangu alipokewa na Bimkubwa, kizee asiyeweza kushika kikombe bila kumwaga. Alikuwa wa kike. Alipumua mpaka Alasiri. Waliomzika ni baba yake na mzee mmoja mgeni, muuza mikeka wa Ole, aliyesimama kuomba maji.

Na leo huyo Bi Tatu anakuja dirishani kwangu kupiga soga.

Nimekunja nguo zote nikazikunjua nikazikunja tena.

Jumamosi, 25 Machi

Unguja. Tumekuja wote wawili kuchagua, na Bimkubwa tumemwachia chakula cha siku mbili.

Duka la Darajani lina ukuta mzima wa televisheni, zote zinaonyesha samaki wale wale wakiogelea. Muuzaji ni baba mmoja wa miwani, mpole kama daktari. Akatueleza. Plazma weusi wake ni mweusi kweli, si kijivu. Hata aliyekaa pembeni, hata aliyesimama mlangoni, anaona sawasawa na aliyekaa katikati. Lakini ina mashariti yake. Ni nzito. Inatoa joto. Isilazwe chali hata siku moja, isafiri imesimama. Isiachwe na picha moja kwa muda mrefu, itaganda nayo. Na haipendi mwanga wa dirisha, kwani kioo chake kinang'aa.

Mbarouk alipima ukuta wetu kwa uzi kabla hatujaondoka. Akautoa mfukoni akaunyoosha juu ya ile ya inchi arubaini na mbili. Ikakaa sawa. "Hii," akasema. "Tukikaa mikekani itatutosha watu ishirini."

Mimi nikasimama mbele ya ile ya hamsini. "Hii," nikasema.

"Kubwa mno kwa chumba kile."

"Nataka ionekane kutoka barabarani."

Akafurahi. Alidhani mimi na yeye twataka jambo moja. Yeye anataka waione waingie. Mimi nilitaka waione tu.

Jumatatu, 27 Machi

Kwenye meli waliifunga nguzoni, imesimama. Kutoka Mkoani tumeipandisha gari ya mizigo, mimi nyuma nimeikumbatia chini ya turubai, mvua inanichapa mgongoni.

Mtambile gari ikatushusha ng'ambo ya pili ya barabara, mbele ya baraza la kahawa. Wanaume tisa wamekaa. Hakuna aliyeinuka. Katoni ni ndefu na nzito, na chini ni matope. Mbarouk akashika mbele, mimi nyuma. Tumbo langu halijapona vizuri. Katikati ya barabara niliteleza nikapiga goti, lakini katoni sikuiachia.

Hapo ndipo Kificho aliposema. Kificho ni mwana wa Bi Tatu, na ndiye kinara wa kususa. Asipokuitikia yeye hakuitikii mtu. Hakusema nasi, kwani sisi hatusemeshwi. Alisema na wenzake, lakini kwa sauti:

"Jeneza kubwa hilo. Nani kafa?"

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Mwanangu mimi hakuwa na jeneza. Baba yake alimbeba mikononi.

Mbarouk akaniambia, "Inuka, usiwatazame." Nikainuka. Niliwatazama mmoja mmoja.

Jumanne, 28 Machi

Fundi Ngwali amekuja kutoka Wete na mkoba wake. Mcheshi, hajui habari zetu, anasalimia kila mtu barabarani na kushangaa kwa nini hawamjibu akiwa mlangoni petu. Kagonga kuta zote kwa kifundo cha kidole. Ukuta wa mawe na udongo, kasema, hauwezi kubeba zigo hili, utaporomoka nalo. Ataweka nguzo mbili za mti kutoka sakafuni mpaka boritini, plazma ining'inie hapo, ikabili mlango wa barabarani.

Kisha akatazama dirisha la Bimkubwa. "Mwanga huu utapiga kioo. Mtajiona nyuso zenu badala ya mpira. Lakini pazia zito latosha."

"Pazia litapepea," nikasema. "Zibeni kwa matofali."

Mbarouk akasita. "Mama hukaa pale."

"Mama atatazama televisheni. Pale dirishani anamtazama nani? Nani amemwitikia tangu Septemba?"

Mume wangu hajui kuhusu Bi Tatu. Kutwa yuko dukani. Bimkubwa alinitazama. Alijua kuwa najua. Na hakuweza kusema neno, kwani lau angesema, habari ingemfikia Kificho kuwa mama yake anavunja msuso, na Kificho si mtu wa kumstahi mama yake mbele ya watu.

"Zibeni," akasema Bimkubwa. "Mie mzee. Dirisha la nini tena?"

Mchanga nimeuchota mimi. Maji nimeyateka mimi.

Jumatano, 29 Machi

Saruji haijakauka. Chumba kina harufu ya kisima.

Jumapili, 2 Aprili

Imetundikwa. Dishi liko juu ya bati.

Fundi kaondoka na maelezo yote yametokea kiooni kwa Kiarabu, kwani chombo kimetoka Dubai. Mbarouk kabonyeza rimoti siku nzima bila kujua anachobonyeza. Watu wote wamekuwa wanene, vichwa bapa kama waliokaliwa. Bimkubwa alifunza chuo cha Kurani miaka thelathini. Maana ya Kiarabu hajui lakini herufi hazimshindi. Tukamsogeza karibu, akasoma kwa sauti ya msahafu, anavuta penye kuvuta: "Assuura... Assawt..."

"Sura na sauti!" kasema Mbarouk, akambusu mkono.

Hivyo ndivyo ilivyorekebishwa. Kilifika kipindi cha habari, msomaji akasema, "Asalamu alaykum watazamaji." Bimkubwa akajiweka sawa kitini.

"Waalaykumu salamu warahmatullahi. Hamjambo huko? Wazee hawajambo?"

Akangoja. Msomaji akaendelea na bei ya sukari.

Mbarouk alicheka mpaka akatoka machozi. "Umeona? Mama kapata watu." Na mimi nilicheka. Naandika ili nisijidai kesho kwamba sikucheka.

Jumatatu, 10 Aprili

Mvua siku ya sita.

Jumanne, 11 Aprili

Maulidi. Mbarouk kanunua halua, kafungua mlango, kaweka kisomo kwenye plazma kwa sauti ya juu. Halua tumekula wenyewe. Leo ni siku ya tatu Bimkubwa anamjibu msomaji wa habari lakini sisi hatujibu sawasawa.

Jumapili, 23 Aprili

Hakuna aliyekuja. Matofali yametoa ukungu.

Ijumaa, 5 Mei

Nimemwona Bi Tatu kichochoroni. Kaweka kiganja juu ya matofali ya dirisha, anapapasa kama anavyopapasa tumbo la mzazi kujua mtoto kalalaje. Akakohoa. Ndani, televisheni ilikuwa inaimba.

Alizunguka uani akanikuta nachambua mchele chini ya banda. Mvua inamchuruzika. Hajawahi kukanyaga uani kwetu tangu msuso uanze.

"Fakhriya, mwanangu. Nna neno nawe."

Niliendelea na mchele.

"Neno dogo. Nisikilize kisha n'ende zangu. Siku ile ya Januari, mie..."

"Dirisha limefungwa, Bi Tatu," nikasema.

"Nimeliona. Ndiyo nikaja kwako."

"Hujaelewa. Nasema limefungwa."

Alisimama. Sikumkaribisha hata chini ya banda, na banda lilikuwa na nafasi ya watu kumi. Kisha nikainuka, nikachukua ungo wangu, nikaingia ndani, nikafunga mlango wa uani kwa komeo. Nilimsikia akikohoa upande wa pili kwa muda mrefu. Ni mzee, na nguo zilikuwa zimemganda mwilini.

Nilijihisi vizuri. Tangu Januari sijajihisi vizuri vile.

Jumatatu, 15 Mei

Panya kakata waya wa dishi. Kaungwa.

Ijumaa, 9 Juni

Kombe limeanza. Mbarouk kaazima mikeka sita kwa jamaa zake wa Chake. Birika la kahawa, vikombe ishirini, kashata. Mlango wazi. Baada ya Magharibi, kutoka barabarani plazma ilionekana kama nyumba inaungua ndani. Wanaume walisimama ng'ambo, kwenye giza, kimya, shingo zimenyooka. Mbarouk akatoka akasema, "Karibuni, yakhe, mikeka ipo." Hakuna aliyejibu, hakuna aliyeondoka.

Walitazama hivyo mpaka mwisho. Kahawa niliimwaga.

Jumatano, 14 Juni

Saudia na Tunisia wanacheza saa moja usiku. Mchana kutwa barabara nzima haina neno jingine. Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika, kisiwa kizima. Mbarouk alitarajia hilo. Alikwisha leta jenereta. Akalivuta kamba, plazma ikawaka, na Mtambile nzima ikawa giza ila sisi.

Mvua ikaja kubwa. Kwanza waliingia chini ya upenu wetu kwa ajili ya mvua. Kisha wakasogea mlangoni. Wa mbele kabisa alikuwa Kificho, kalowa mpaka ndevu.

Mbarouk hakusema karibu safari hii. Aliinuka tu, akachukua kiti, akakiweka kizingitini, akarudi kukaa. Kificho alikitazama kiti kile kipindi chote cha kwanza. Cha pili kilipoanza akakaa. Mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Mchezo ulikwisha sare. Aliondoka bila kuaga, lakini kiti alikirudisha ndani kwa mkono wake.

Alhamisi, 15 Juni

Mbarouk karudi kutoka msikitini. "Kificho kaniitikia salamu," kasema. Kakaa juu ya gunia la sukari, mtu mzima, kashika kichwa. "Kaniitikia, Fakhriya. Mbele ya watu."

Jumapili, 18 Juni

Wanne ndani. Wawili dukani leo, wamenunua mafuta na sabuni.

Mpango wa mume wangu ulikuwa wa kijinga na umefaulu. Nilimwona mjinga tangu Septemba. Leo nimemwona anawamiminia kahawa watu waliomfanya azike na muuza mikeka, na uso wake hauna hata chembe ya kisasi. Sijui kama huo ni wema au ni njaa.

Kificho kanipa kikombe kitupu. "Shemeji, kahawa yako nzuri."

Neno lake la kwanza kwangu baada ya miezi tisa. Si pole. Si samahani. Kahawa.

Kikombe kile nimekitupa chooni. Wamekuja kwa ajili ya mpira. Mtoto wangu hakuwa mpira.

Kumbe nilitaka wasije. Kumbe msuso wao ulikuwa umenifaa: maadamu wametususa, nilikuwa na haki ya kuwachukia, na chuki ile ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi.

Jumatano, 21 Juni

Mvua zinapungua. Bi Tatu anaumwa kifua, wanasema, tangu mwezi uliopita. Bimkubwa hajaambiwa.

Ijumaa, 23 Juni

Sikuandika jana. Leo nitaandika yote.

Bi Tatu alikufa jana, Alhamisi, baada ya Alfajiri. Mbarouk alipata habari msikitini, akaja mbio. "Mwambie Mama taratibu," akaniambia. "Walikuwa mashoga tangu usichana. Mie naenda kusaidia kuchimba." Na walimpokea. Alichimba kaburi pamoja nao tangu saa tatu, akashika jembe pamoja na Kificho. Miezi tisa iliisha ndani ya shimo lile.

Sikumwambia Bimkubwa. Nilijiambia nitamwambia baada ya chakula. Baada ya chakula nikajiambia baada ya Adhuhuri. Alikuwa kakaa chini ya matofali yake, plazma inaonyesha mapishi, akaniuliza mara mbili, "Mbona leo watu wengi barabarani? Nani kafa?"

"Hakuna," nikasema. "Kuna mkutano."

Maziko yalicheleweshwa kusubiri ndugu zake kutoka Fundo. Mbarouk alirudi baada ya Alasiri kuoga na kuvaa kanzu ili aungane nao wakipita. Saa kumi na moja Ghana walianza kucheza na Marekani. Plazma ilikuwa inawaka kama kawaida. Kwetu haikuwa ikizimwa tena. Sauti ilikuwa chini.

Nikasikia tahlil inakuja. *La ilaha illa llah*, wanaume mia na zaidi, miguu katika matope. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Jeneza likatokea kwenye pembe ya duka, limefunikwa kitambaa cha kijani, na Kificho kashika mbele.

Bimkubwa akainua kichwa. "Fakhriya. Hayo ni maziko."

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, nami nimesimama nyuma ya kiti chake, macho yake yako mlangoni. Hakuna aliyeniambia. Mbarouk alikuwa chumbani anavaa. Nilibonyeza, na nikaendelea kubonyeza mpaka alama za sauti zikajaa kiooni. Na Ghana, kama walioagizwa, wakafunga bao.

Uwanja mzima wa Ujerumani ulipiga kelele ndani ya nyumba yetu. Maelfu ya watu wakishangilia, ngoma, filimbi, mtangazaji anapiga ukelele wa furaha, na inchi hamsini za watu wanaokumbatiana na kuruka, ziking'aa mlangoni, wakati Bi Tatu anapita mbele yake.

Tahlil ilikatika. Sijawahi kusikia tahlil ikikatika. Jeneza lilisimama.

Mbarouk alitoka chumbani mbio, vifungo vya kanzu vi wazi, akaninyang'anya rimoti, na kwa kuhangaika nayo akafika nayo mpaka kizingitini. Hivyo ndivyo walivyomwona. Kanzu nyeupe, rimoti mkononi, na nyuma yake dunia nzima inashangilia.

Kificho hakuweza kuachia jeneza. Alisema kwa utulivu kabisa, "Mbarouk. Hata kaburi umenichimbia."

Mbarouk aligeuka akanitazama. Mara moja tu. Kisha akawageukia.

"Ni mimi," akasema. "Ni mkono wangu. Nisameheni."

Hawakumsamehe. Waliinua tahlil upya wakapita, na kila aliyepita mbele ya mlango alitema mate kwenye kizingiti. Niliwahesabu kwa sikio. Walipokwisha, nikageuka, nikaona kiti cha Bimkubwa kitupu.

Alikuwa keshatoka kwa mlango wa uani, peku, mkongojo kauacha. Nilimfuata mpaka pembeni mwa nyumba. Anakwenda akishika kuta, akishika miti, anaelekea nyumba ya msiba. Wanawake wakatoka wakampokea, wakamwingiza ndani. Mlango ukafungwa.

Jumamosi, 24 Juni

Nimemuuliza Mbarouk kwa nini alisema ni yeye.

Alikuwa anaondoa mate ya kizingitini kwa maji na ufagio. Hakuinua uso. "Siku ile uliponiita nilikuwa barabarani," akasema. "Nilisimamisha magari kumi na moja. Ningalirudi ndani lile la kwanza liliponipita, angalau ungalikuwa na mume wako. Kadi niliibadilisha mie. Basi na hili liwe langu."

Miaka minane nimeolewa na mtu huyu na leo ndiyo nimejua nimeolewa na nani.

Nilipaswa kutoka pale pale, nivuke barabara, niseme. Nilivaa buibui hata. Nikafika mlangoni. Nikaivua.

Jumapili, 25 Juni

Mbarouk kaenda kumchukua mama yake. Kakaa juu ya jiwe nje ya nyumba ya Kificho tangu asubuhi mpaka Adhuhuri. Bimkubwa katoka mara moja kwenda kutawadha. Alimwita, "Mama." Akapita. "Mama, shikamoo." Akapita. Waliokuwepo wanasema hakugeuza hata shingo.

Ijumaa, 30 Juni

Duka limefungwa. Walimimina mavi kwenye pipa la mafuta.

Jumanne, 4 Julai

Nimezima plazma. Mbarouk hakuuliza.

Jumapili, 9 Julai

Jua. Masika yamekwisha, barabara imekuwa vumbi. Leo ni fainali na hapa hakuna atakayeitazama.

Nimekwenda kumpelekea Bimkubwa nguo zake. Nilidhani watanifukuza. Wanawake wa nyumba ile walinipisha, mmoja akanishika hata bega. "Weye huna lako, maskini," akasema. "Tunajua umeolewa na nani."

Bimkubwa yuko kwenye kitanda cha Bi Tatu, mwembamba, safi, kasukwa nywele. Dirisha liko kichwani pake na kila apitaye anamsalimu. Akanikalisha kitandani.

"Nna amana yako," akasema. "Tatu alitaka kukupa mwenyewe. Mie sikukupa, nilikuwa na hasira ya dirisha. Sasa kafa. Siku ile ya Januari alitoka, Fakhriya. Alichukua mkoba wake wa ukunga akaja. Alifika mpaka nyuma ya duka, akakusikia unavyolia. Kificho alikuwa kasimama njiani na wenzake. Akamwambia, 'Mama, ukiingia mle usirudi kwangu.' Alisimama pale mpaka ukanyamaza. Kisha akarudi. Kila siku alikuja dirishani kuniuliza maziwa yamekauka, unalala, unakula. Alikuwa anaona haya kukutazama. Alitaka umsamehe tu."

Niliuona mkono ule juu ya matofali. Niliona nguo zilizoganda mwilini. Niliona komeo.

"Alikuja kwangu Mei," nikasema.

"Aliniletea salamu kuwa atakuja. Ulimwambiaje?"

Nikasema kulikuwa na mvua. Nikasema hatukupata kuzungumza.

Akanishika mikono yote miwili, mikono yake inayotetemeka ile iliyompokea mwanangu.

"Sikiliza. Yule Mbarouk nimemzaa, lakini alilomfanyia maiti yangu silimezi. Nimemwambia Mungu. Radhi zangu kwake nimezifunga, na nikifa asinishike. Lakini weye ni mtoto wa watu, umeteseka ndani ya nyumba yangu, umeziba mdomo ukavumilia. Weye nimekuridhia. Nakupa radhi zangu zote, na zile zilizokuwa zake. Mungu akupe kizazi, akupe mwisho mwema."

Nilifumbua mdomo. Wanawake walikuwa wamekaa mlangoni wanatusikiliza, wengine wanafuta macho. Neno lilikuwa moja tu, jepesi, mume wangu amelisema mbele ya watu mia bila hata kuwa lake.

Nikasema, "Amin."

Mbarouk alikuwa ananingoja nje ya duka, kakaa juu ya ngazi. "Mama kasemaje?" akauliza.

"Bado ana hasira."

"Na weye? Kakupa radhi?"

Nikamwambia kanipa.

Akafurahi. Alifurahi kwa dhati, akainuka, akanipangusia vumbi la buibui. "Alhamdulillahi," akasema. "Angalau mmoja wetu."